Pesa ya kumtunza mgonjwa nyumbani: haitozwi kodi, lakini ina mahali pake kwenye ritani

Ukiwa Marekani unamtunza nyumbani kwako mama aliyepooza, mtoto mwenye ulemavu au ndugu asiyeweza kujihudumia, na jimbo linakulipa kwa kazi hiyo kupitia Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), huenda pesa hiyo haidaiwi kodi ya mapato ya serikali kuu hata senti moja. Utaratibu huu unahusu malipo yote yaliyopokelewa kuanzia tarehe 3 Januari 2014. Pamoja na hayo, kila msimu wa kodi pesa hii hujazwa vibaya kwenye ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, na makosa yake huwa ya aina tatu. Kuna anayeiandika kama mshahara wa kawaida akailipia kodi. Kuna anayesikia "haina kodi", akaiweka W-2 (karatasi ya mwaka ya mshahara kutoka kwa mwajiri) kabatini, kisha mwaka unaofuata akaletewa barua na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Na kuna anayeiondoa barabara kabisa, lakini akapoteza krediti (nafuu ya kodi inayoweza kulipwa kama pesa) ya maelfu ya dola kwa kutojua kwamba sheria ilimpa nafasi ya kuchagua. Huyu wa tatu ndiye anayeumia zaidi, tena kimyakimya, kwa sababu hakuna barua itakayokuja kumwambia alichokosa.

Msingi wenyewe ni kifungu cha 131 cha sheria ya kodi ya shirikisho. Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya familia zinazopokea watoto wa malezi waliowekwa kwao na jimbo. Malipo yao hayahesabiwi kuwa mapato, yakiwemo yale ya nyongeza kwa ajili ya ugumu wa kumlea mtu mwenye ulemavu. Mwaka 2014 IRS ilitoa tangazo linaloitwa Notice 2014-7. Lilisema kwamba anayelipwa na mpango wa Medicaid wa aina ya waiver, yaani ule unaomwezesha mgonjwa atunzwe nyumbani badala ya kupelekwa katika nyumba ya wazee au taasisi, atachukuliwa sawa na mlezi wa kifungu cha 131. Kabla ya hapo mama aliyemtunza mwanawe mwenyewe alikuwa akiambiwa kwamba mtoto wa kumzaa si mtoto wa malezi, kwa hiyo alipe kodi. Tangazo lilifuta tofauti hiyo: mgonjwa awe ndugu wa damu au asiwe, hesabu ni moja.

Kumbuka jina hilo, Notice 2014-7. Ndilo utakaloliandika kwenye fomu, ndilo utakalolitafuta ndani ya programu ya kodi, na ndilo utakalomtajia anayekujazia. Akikukodolea macho, tafuta mwingine.

Nyumba ni ya nani

Sharti linaloangusha watu wengi ni la makazi. Mtunzaji na mtunzwaji lazima waishi nyumba moja, na nyumba hiyo iwe ndiyo makazi ya mtunzaji: hapo ndipo anapolala, anapokula na familia, anaposherehekea sikukuu, anapopokea barua zake. Jina lililo kwenye mkataba wa pango halina uzito. Ukihamia kwa mama yako, ukaiacha nyumba yako ya zamani na maisha yako yakawa pale, umetimiza sharti hata kama nyumba ni yake. Mama akihamia kwako, umetimiza vilevile.

Asiyetimiza ni yule anayelala kwa mgonjwa usiku tano kwa wiki, kisha Ijumaa jioni anarudi kwake kwa mke na watoto. Hapa jamii yetu inajikwaa sana, kwa sababu Waafrika Mashariki wengi kule hufanya kazi inayoitwa "live-in": unaingia kwa mzee wa watu Jumapili, unatoka Ijumaa, una chumba chako na sanduku lako pale. Jina la kazi linadanganya. Kwa IRS makazi yako ni pale kwenye familia yako, kwa hiyo mshahara wote unatozwa kodi. Anayekwenda kumpumzisha mtunzaji mwingine kwa siku mbili tatu naye yumo kundi hilo hilo, na pia mfanyakazi wa zamu katika nyumba ya pamoja ya watu wenye ulemavu, hata kama hulala hapo usiku.

Masharti mengine ni mepesi zaidi. Malipo yatoke katika mpango wa Medicaid, yafuate mpango wa huduma ulioandikwa kwa ajili ya mgonjwa huyo, na kazi iwe ya msaada usio wa kitabibu: kuogesha, kuvalisha, kulisha, kupika, kugeuza kitandani, kusindikiza hospitali. Mzee akikulipa mwenyewe kutoka mfukoni, au ndugu wakichanga kila mwezi ili wewe ubaki na baba, pesa hiyo haimo kabisa kwenye Notice 2014-7. Kuna pia kikomo cha idadi katika nyumba moja: watu 10 walio chini ya miaka 19, na watu 5 wenye miaka 19 au zaidi. Familia ya kawaida haifiki huko.

Mkihama katikati ya mwaka, msamaha unafuata tarehe. Tuseme uliishi na baba kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni, kisha ukapanga kwako na kuendelea kumhudumia kwa kwenda na kurudi. Malipo ya saa ulizofanya mkiwa pamoja yanasamehewa. Ya kuanzia Julai yanatozwa. W-2 itakuonyesha jumla tu, ndiyo maana stabu za mshahara (karatasi za kila malipo) hazitupwi. Chukua stabu za miezi ile sita, jumlisha, hicho ndicho kiasi unachokiondoa.

Karatasi tatu zinazofanana

Njia nyepesi ni kuzuia tatizo kabla mwaka haujaisha. Mwajiri au wakala anayekulipa kwa niaba ya jimbo anaweza kuacha kukukata kodi ya mapato ukimpa tamko lililosainiwa: jina lako, anwani, namba ya Social Security, maelezo kwamba unaishi nyumba moja na unayemtunza, na kwamba malipo ni ya mpango wa Medicaid unaoelezwa katika Notice 2014-7. Unasaini chini ya adhabu ya kusema uongo, kwa hiyo usisaini kwa mazoea. California, kwa watunzaji wa IHSS (mpango wake wa huduma za nyumbani), ina fomu yake, SOC 2298. Ukihama au mgonjwa akihama unaifuta kwa SOC 2299. Majimbo mengine na mawakala wengine wana karatasi zao, nyingi zikiwa na ukurasa mmoja au miwili.

Shida ni kwamba wakala huyohuyo anaweza kukupa karatasi nyingine mbili zinazozungumzia kuishi pamoja na mgonjwa. Moja inahusu ule mfumo wa simu wa kubonyeza unapoanza na unapomaliza kazi. Majimbo mengi humwachilia anayeishi na mgonjwa asibonyeze. Nyingine inahusu malipo ya saa za ziada. Zote zinauliza swali lilelile, mnaishi pamoja?, na ukishasaini moja unadhani umemaliza. Ya kubonyeza simu haibadilishi chochote kwenye kodi. Uliza kwa jina: je, hii ndiyo ya Notice 2014-7? Kisha omba nakala yake.

Weka nakala hiyo pamoja na mpango wa huduma wenye anwani, leseni yako ya udereva yenye anwani ileile, na bili moja au mbili. Leseni yenye anwani ya zamani ni jambo dogo, lakini ndilo linaloleta mvutano ikitokea IRS imeomba ushahidi wa makazi.

Kuisoma W-2

Januari W-2 ikifika, anza na kisanduku cha 1. Kikiwa kitupu au kina sifuri, mwajiri amekwisha kuiondoa pesa hiyo kwenye mapato. Kikiwa na tarakimu, hajaiondoa, na kazi ya kuiondoa ni yako. Huhitaji kusubiri akutolee W-2 iliyosahihishwa. Haki ya msamaha haitegemei mwajiri amejaza nini.

Kisha tazama kisanduku cha 12. Kuanzia W-2 za mwaka 2024 kuna alama mpya, herufi II, ambayo mbele yake huandikwa kiasi cha malipo ya Medicaid yaliyoachwa nje ya mapato kwa mujibu wa Notice 2014-7. Wengi huisoma kama namba mbili za Kirumi au kama kumi na moja, na programu inaikataa. Ni herufi mbili za I kubwa.

Visanduku vya 3 na 5 ni vya Social Security na Medicare. Usishangae kuona kisanduku cha 1 kina sifuri huku vya 3 na 5 vina dola 20,000. Msamaha wa kifungu cha 131 ni wa kodi ya mapato. Haufuti ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare. Kwa dola 20,000 ni dola 1,530 zilizokatwa kihalali, na hazirudi. Wapo wasiokatwa, lakini kwa sheria nyingine inayohusu undugu na mwajiri: mume au mke anayemtunza mwenzake, mtoto wa chini ya miaka 21 anayemtunza mzazi, na katika hali fulani mzazi anayemtunza mwanawe. Mtu mzima anayemtunza mama yake kwa kawaida hukatwa.

Kutokatwa kunafurahisha kila siku ya mshahara, ila kuna bei yake. Pensheni ya Social Security inadai alama 40, zisizozidi 4 kwa mwaka, na mwaka 2025 kila alama ilihitaji dola 1,810 za mshahara uliokatwa. Mama anayemtunza mwanawe mwenye ulemavu kwa miaka kumi na mitano bila kukatwa hapati hata alama moja kwa kazi hiyo. Akiwa na uwezo wa kupata kazi nyingine ndogo ya dola 7,240 kwa mwaka, alama zake 4 zinakamilika. Wanaojaza ritani mara chache humwambia mtu habari hii, ingawa kwangu ina uzito kuliko rifandi (marejesho ya kodi) ya mwaka mmoja.

Kisanduku cha 2 ni kodi ya mapato iliyokatwa. Kikiwa na kitu, kidai chote kwenye mstari wa 25a wa Fomu 1040, fomu kuu ya ritani. Huo ni mkopo ulioipa serikali bila riba.

Mstari kwa mstari

Tangu ritani za mwaka 2022 fomu zina mistari yake maalumu. Miaka ya nyuma ilikuwa ni kuandika maneno "Notice 2014-7" kwa mkono pembeni ya kiasi hasi, na maelekezo mengi yanayozunguka hadi leo ni ya wakati huo.

Kama kisanduku cha 1 kina tarakimu, iandike yote kwenye mstari wa 1a wa Fomu 1040, pamoja na mishahara mingine mnayoijaza kwenye ritani hiyo. Usiipunguze hapo. Kisha nenda Schedule 1, fomu ya nyongeza, mstari wa 8s, uandike kiasi kinachosamehewa. Mstari huo umechapishwa ukiwa na mabano, maana yake kiasi kinatolewa. Jumla ya Schedule 1 inarudi kwenye mstari wa 8 wa Fomu 1040 ikiwa hasi, na pesa inajifuta yenyewe. Mwenye mshahara mmoja tu wa dola 20,000 atakuwa na 20,000 mstari wa 1a, hasi 20,000 mstari wa 8, na sifuri mstari wa 9.

Kwa nini kuzunguka hivyo badala ya kuiacha tu W-2 nje? Kwa sababu kompyuta ya IRS ina nakala ya W-2 hiyo kutoka kwa mwajiri. Inalinganisha kisanduku cha 1 na ritani yako. Isipoiona, inakutolea taarifa ya CP2000 inayodai kodi juu ya mapato "uliyoyaficha", pamoja na riba. Utajibu, utaambatisha ushahidi, na baada ya miezi kadhaa dai linaweza kufutwa. Mstari wa 8s unakuepusha na safari hiyo yote.

Kama kisanduku cha 1 ni sifuri, huna cha kuondoa. Usiandike chochote kwenye 8s peke yake, kwani utakuwa umetoa pesa ambayo haikuingizwa, na mshahara wa mwenzako utaonekana umepungua. Kosa hili ni la kawaida kwenye programu: mtu anajibu "ndiyo" kwa swali la Notice 2014-7 huku kisanduku cha 1 ni kitupu. Tazama mstari wa 9 kabla ya kutuma. Ukiwa mdogo kuliko mapato halisi yanayotozwa kodi ya nyumba nzima, kuna kitu kimetolewa mara mbili.

Mstari wa 1d ndio uliobaki. Huo ni wa malipo ya Medicaid ambayo hayakuandikwa kwenye kisanduku cha 1 cha W-2, na ndio mlango wa ile nafasi ya kuchagua.

Kuchagua yote au kuacha yote

Krediti mbili kubwa za familia zenye kipato kidogo, EITC (krediti ya mapato ya kazi) na ile sehemu ya krediti ya watoto inayolipwa hata kwa asiyedaiwa kodi, zinapimwa kwa mapato ya kazi. Kwa miaka mitano tangu tangazo, IRS ilishikilia kwamba pesa iliyosamehewa si mapato ya kazi, kwa hiyo ukiisamehe kodi unakosa krediti. Familia moja ya Minnesota ilipinga, na tarehe 15 Mei 2019 Mahakama ya Kodi ya Marekani iliamua, katika kesi ya Feigh, kwamba IRS haiwezi kwa tangazo lake kuibadili hadhi ya mshahara uliotajwa na sheria na kumnyang'anya mtu krediti aliyopewa na Bunge. Mwaka 2020 IRS ikakubali uamuzi huo. Leo mtunzaji anaweza kuiondoa pesa kwenye mapato yanayotozwa kodi na wakati huohuo kuihesabu kama mapato ya kazi kwa ajili ya krediti.

Kuchagua ni kwa kiasi chote au kuacha kabisa. Huwezi kuhesabu nusu. Mume na mke wanaolipwa wote wawili wanaweza kuchagua tofauti, mmoja akahesabu na mwingine akaacha.

Chukua mama asiye na mume, mkuu wa kaya, mwenye watoto wawili wa miaka 8 na 11, anayemtunza bibi yao nyumbani na hana kipato kingine. Mwaka 2025 alilipwa dola 20,000. Asipochagua, mapato yake ya kazi ni sifuri, EITC ni sifuri, na krediti ya watoto inayolipwa ni sifuri. Akichagua, dola 20,000 zinamweka kwenye EITC kamili ya watoto wawili kwa mwaka huo, dola 7,152. Krediti ya watoto inayolipwa ni asilimia 15 ya kile kinachozidi dola 2,500: 17,500 mara asilimia 15, sawa na dola 2,625, ambayo bado iko chini ya kikomo cha dola 1,700 kwa kila mtoto. Jumla dola 9,777, na kodi ya mapato bado ni sifuri.

Kama kisanduku chake cha 1 kilikuwa na 20,000, ataziandika 1a na kuziondoa 8s kama kawaida, kisha kwenye karatasi ya hesabu ya EITC, au kwenye swali la programu, aseme anazihesabu kama mapato ya kazi. Kama kisanduku cha 1 kilikuwa sifuri, ataandika 20,000 kwenye 1d na 20,000 kwenye 8s. Kiasi atakisoma kwenye kisanduku cha 12 chenye herufi II, na kama hakuna, kwenye stabu ya mwisho ya mwaka. Huyu wa sifuri ndiye anayepotea sana. Kwa kuwa hana mapato ya kutozwa, sheria haimlazimu kujaza ritani, basi hajazi.

Sasa geuza mfano. Baba anafanya kazi ghalani, mshahara wake dola 26,000. Mama anamtunza kijana wao mwenye ulemavu na kulipwa dola 30,000 za waiver. Wanajaza pamoja, wana watoto wawili wadogo wanaostahili EITC na krediti ya watoto. Mama asipohesabu pesa yake, mapato ya kazi ni 26,000 tu, na EITC yao ni kamili, dola 7,152, kwa sababu mwaka 2025 ilianza kupungua kwa wanandoa wenye watoto baada ya dola 30,470. Akiihesabu, mapato ya kazi yanakuwa 56,000. Kila dola inayozidi 30,470 inakata senti 21 na kidogo, na EITC inashuka hadi takriban dola 1,775. Krediti ya watoto ilikwisha kufika kikomo cha dola 3,400 kwa mshahara wa baba peke yake. Amepoteza kama dola 5,376 na hakupata kitu. Kwa kumweka kijana mwenyewe kando nimerahisisha hesabu: mtoto mwenye ulemavu kamili na wa kudumu anahesabika kwa EITC hata akiwa na miaka 30, na akiwa wa tatu kikomo cha juu kinapanda hadi dola 8,046.

Kwa hiyo usikubali ushauri wa jumla wa "tia tiki, utapata rifandi kubwa". Jaza ritani mara mbili, moja ikihesabu malipo hayo kama mapato ya kazi na moja bila, ulinganishe mstari wa marejesho. Kwenye programu ni kazi ya dakika tano. Kanuni ya haraka: aliye peke yake bila mshahara mwingine karibu siku zote hufaidika kwa kuhesabu, nyumba yenye mshahara wa pili uliokwisha kufikisha EITC kileleni huumia.

Masharti ya kawaida ya EITC hayabadiliki. Kila anayehesabiwa awe na namba ya Social Security halali kwa kazi, ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security) haitoshi. Na rifandi yenye EITC haitoki kabla ya katikati ya Februari hata ukijaza siku ya kwanza.

Ukiletewa 1099

Baadhi ya mawakala, hasa kwenye mipango ya kumtunza mtu mzima nyumbani kwako, hulipa posho na kutoa 1099 (karatasi ya malipo ya asiye mwajiriwa) badala ya W-2. Ukiingiza 1099-NEC kwenye programu bila kuangalia, inakufungulia Schedule C kama mfanyabiashara na kukutoza asilimia 15.3 ya kujiajiri. Pesa iliyosamehewa chini ya kifungu cha 131 haiingii kwenye kodi ya kujiajiri. Kama kweli unaendesha shughuli hiyo kibiashara, andika kiasi chote kwenye mapato ya Schedule C, kisha kitoe kwenye sehemu ya gharama nyingine ukiandika "Notice 2014-7", ili faida ibaki sifuri. Anayemtunza ndugu yake mmoja kwa kawaida hana biashara, na anayejaza kwa uzoefu ataliona hilo kabla ya kufungua Schedule C.

Yanayofuata baada ya ritani

Majimbo mengi huanzia hesabu yao kwenye AGI ya shirikisho (mapato yaliyorekebishwa ya ritani), kwa hiyo pesa ikishatoka huku inatoka na kule. Pennsylvania, kwa mfano, haianzii hapo. Ina fasili yake ya mapato, na kisanduku cha 16 cha W-2, cha mshahara unaohesabiwa na jimbo, huwa na neno lake. Texas na Washington hazina kodi ya mshahara.

Bima ya afya ya sokoni hupimwa kwa mapato yaleyale ya ritani, bila pesa iliyosamehewa. Kwa wengi ni neema. Lakini katika jimbo ambalo halijapanua Medicaid, kama Texas, kushuka chini ya kiwango cha umaskini kunaweza kukunyima ruzuku ya bima. Ongea na msaidizi wa soko la bima kabla ya kuandika makadirio ya mwaka.

Benki ya mkopo wa nyumba na afisa wa uhamiaji nao watatazama AGI. Anayetaka kumdhamini mume au mzazi kwa Fomu I-864 huku ritani inaonyesha sifuri atahitaji karatasi zaidi: stabu za miezi ya karibuni, barua ya wakala inayotaja saa na malipo, W-2 yenye visanduku vya 3 na 5, na maelezo mafupi kwamba mapato yapo ila hayatozwi kodi kwa Notice 2014-7. Ziambatishe tangu mwanzo.

Kwa akiba ya uzeeni, tangu mwishoni mwa 2019 malipo haya yanaruhusu kuchangia IRA (akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni) isiyopunguza kodi, unayoiripoti kwa Fomu 8606. Nafasi ni ndogo, lakini kwa aliyekuwa hana kabisa ni mlango.

Kurekebisha miaka iliyopita

Ulilipa kodi isiyokuhusu, au hukuhesabu mapato ya kazi yaliyokuhusu? Fomu ya kurekebisha ni 1040-X. Muda ni miaka 3 tangu ulipojaza ritani ya mwanzo, au miaka 2 tangu ulipolipa kodi, ule utakaochelewa kuisha. Ritani iliyojazwa mapema huhesabiwa kama ilijazwa siku ya mwisho ya kujaza ritani, katikati ya Aprili. Kila mwaka una 1040-X yake, usichanganye miwili kwenye fomu moja. Kwenye sehemu ya maelezo sentensi mbili zinatosha: kwamba mwaka huo uliishi nyumba moja na mtu uliyemtunza kwa malipo ya mpango wa Medicaid, na kwamba kiasi fulani hakitozwi kodi kwa Notice 2014-7. Kama unachodai ni krediti, sema pia kwamba umechagua kuhesabu malipo yote kama mapato ya kazi. Ambatisha W-2, tamko ulilompa mwajiri, na uthibitisho wa anwani wa mwaka huo, si wa mwaka huu.

Aliyekuwa hajajaza kabisa hatumii 1040-X. Anajaza Fomu 1040 ya mwaka husika, kwa fomu za mwaka huo na viwango vya mwaka huo. Vituo vya VITA, vya watu wanaojitolea kujaza ritani, husaidia bure familia zenye kipato cha chini. Unapopiga simu kupanga miadi, uliza kama yupo anayejua mstari wa 8s, maana wanaojitolea hutofautiana sana. Jimbo lenye kodi ya mapato linataka marekebisho yake tofauti, na muda wake wa mwisho unaweza kuwa mwingine kabisa.